Mstari Mweupe Juu ya Nati

Kaka yangu Ombati,

Usishtuke kuona maandishi mengi. Simu ningekupigia, lakini kwenye simu ungesikia nimenyamaza, ungesema, "Kwamboka, ongea, salio linakwisha," nami ningekuuliza kama Naivasha kuna baridi, ungejibu ipo, na tungeishia hapo. Tumefanya hivyo miaka minane. Ninaandika kwa Kiswahili, si kwa Kigusii, kwa sababu Kigusii ndicho cha ugomvi na vicheko vyetu jikoni kwa mama, na nikikitumia kwa jambo hili nitalia kabla sijafika popote. Kiswahili ni cha ofisini. Kinanisaidia kukaa wima.

Nimekubali pia barua hii isomwe na watu wengine. Wewe uliaibika mbele ya watu. Sioni haki niseme ukweli chumbani peke yangu.

Unakumbuka siku ulipotoka Nyamira umebeba fremu begani? Binamu yetu alikuwa amekupa baiskeli ya milimani iliyomshinda: fremu ya bluu, rimu mbili bila tairi, kiti kimechanika, ekseli ya nyuma imepinda. Ulikuwa na miaka ishirini, mimi nilikuwa kidato cha tatu. Ukaiegemeza kwenye mlango wa jikoni, ukatazama darini, ambako baiskeli ya Tata, ile blakmamba nzito, ilikuwa imening'inia tangu pikipiki zilipofika Nyacheki na watu wakaacha kupeleka ndizi sokoni kwa baiskeli. Moshi ulikuwa umeipaka weusi mwingine juu ya weusi wake. Ukatazama fremu, ukatazama dari tena.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, sijasema kitu."

"Macho yako yamesema. Hiyo ni baiskeli ya baba yako."

"Ni baiskeli ya buibui, mama. Baba aliipanda lini mara ya mwisho?"

Tata alikuwa nje akinoa panga. Akasema bila kugeuka, "Acha aichukue. Lakini ikimshinda, asiniletee vyuma kwenye gunia."

Wiki zile zilizofuata ndizo ninazozirudia nikikosa usingizi. Ulinifundisha kutandika jani bichi la mgomba chini, kisha kila kilichofunguliwa kilazwe juu yake kwa mpangilio wa kutoka, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, ili kurudisha iwe ni kusoma jani kinyumenyume. Kuku wakikaribia, nilikuwa nawafukuza kwa daftari la kemia. Tulisugua kutu kwa majivu na mafuta ya taa mpaka vidole vyangu vikanuka kanisani, na mama akanihamisha benchi.

Hukutupa kitu. Kiti cha blakmamba, kile kipana chenye springi mbili nene, ulikifunga kwenye fremu ya bluu, ukasema baiskeli za dukani zina springi za kuonyesha na hizi ni springi za kubeba mkungu wa ndizi. Madigadi ya nyuma uliikata nusu kwa msumeno ili matope yasishike. Tyubu kuukuu uliichana ukanda mmoja mrefu, ukauzungushia fremu mahali cheni inapogonga. Spoki zilizovunjika ulizikunja zikawa vishikizo vya nyaya za breki. Hata cheni iliyokufa ulikata kipande, ukakifunga kwenye bapa la chuma kutoka stendi ya blakmamba, ukapata chombo cha kushikia meno ya gurudumu la nyuma ili yafunguke. Ulikuwa hujawahi kuona chombo hicho kwa mtu yeyote. Ulikaa ukiyatazama yale meno mpaka ukala ugali uliopoa, kisha ukakitengeneza.

Ekseli ndiyo ilikuwa fahari yako. Ile ya baiskeli ya milimani ilikuwa imepinda, hivyo ulitoa ya blakmamba, nene na nzima, ukaiingiza kwenye gurudumu la nyuma. Nati moja tu ilikuwa imelika. Tulipoenda kwa shangazi kule Suneka ulinipitisha kwa wauza vyuma chakavu, ukapiga magoti mbele ya mkebe wa nati, ukaanza kuzijaribu moja moja kwenye ekseli uliyokuwa umeibeba mfukoni. Muuzaji akachoka.

"Kijana, unachagua nati au unachagua mke?"

"Mke anaweza kurudi kwao akikosana nami," ukamwambia. "Hii ikikosana nami, mimi ndiye nitakayerudi kwetu nimebebwa."

Watu walicheka. Fundi wa baiskeli wa kibanda cha jirani alikuja kutazama, akaishika ile ekseli, akakuuliza maswali matatu ambayo sikuyaelewa, wewe ukayajibu. Akakuambia ukimaliza hiyo baiskeli uje nayo, na ukija nayo ikiwa nzima, kuna nafasi ya mtu wa pili kwenye kibanda. Njia nzima ya kurudi uliizungusha kiganjani ile nati uliyoinunua. Ulikuwa unatabasamu dirishani.

Mistari ilikuwa wazo lako. Uliona chupa yangu ndogo ya wino mweupe wa kufutia makosa, ukaichukua bila kuomba. Ukapiga mstari mmoja mwembamba kuanzia juu ya nati mpaka kwenye fremu. "Nati ikizunguka, mstari unakatika," ukanieleza. "Hata kipofu wa vyuma kama wewe ataona." Ukanipa cheo: Mkaguzi Mkuu wa Nati. Wewe unafunga, mimi nakaza mara ya mwisho kwa spana namba kumi na tano, nikiridhika ndipo napiga mstari. Bila mstari, hakuna kupanda. Ulisema unanipa kazi hiyo kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga hasahau.

Sasa nafika Ijumaa ile, na mkono wangu umeanza kutafuta kazi nyingine ya kufanya. Nimeinuka nikachemsha chai. Nimerudi.

Nyumba yetu unaijua Ijumaa jioni. Mboga zimekatwa, nguo zimepigwa pasi, maji yako motoni, na mama anatembea haraka kama mtu anayekimbizana na jua, maana anakimbizana nalo kweli. Jembe, panga na sanduku la spana vilikuwa vinaingia stoo kabla jua halijazama, kufuli linafungwa, ufunguo unaingia kwenye mkoba wake wa Biblia mpaka Sabato iishe. Baiskeli ilikuwa imesimama uani, imebakiza nati moja. Tata akakuita ukamsaidie kuingiza ng'ombe. Ukanitupia neno ukiwa unakimbia:

"Imebaki ya nyuma kulia! Kaza, piga mstari, uende ukaoge!"

Niliingia ndani kuchukua chupa ya wino. Nilipotoka, mama alikuwa amekwisha pita uani, ameokota kila chuma, na kufuli la stoo lilikuwa linalia kwa mara ya mwisho.

"Kwamboka! Unataka Sabato ikukute na grisi? Maji yanapoa!"

Ningeweza kusema, "Mama, nipe spana kidogo tu." Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, hata nikiwa peke yangu ofisini. Lakini nilikuwa yule mtoto asiyegombezwa, na nilipenda kuwa yule mtoto. Nikachuchumaa nikaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma. Iligoma kwa vidole vya msichana, Ombati. Kisha nikapiga mstari, ulionyooka kuliko yote niliyowahi kupiga. Nilijiambia Jumamosi jua likizama nitaomba ufunguo.

Jumamosi jua lilipozama nilikuwa nimesahau. Wala sikuficha kitu usiku ule, nilisahau kabisa. Nilipita karibu na baiskeli nimebeba sufuria, nikaona mistari yote ipo, nikaridhika. Niliuamini mwandiko wangu mwenyewe.

Jumapili asubuhi ulishuka nayo hadi kituo cha kupimia majani chai, mimi nikikimbia nyuma. Makori wa bodaboda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, wenzake watatu kando.

"Jamani, tazameni! Baiskeli ya babu imevaa jinzi!"

"Cheka leo," ukamwambia. "Kesho utaniletea hiyo pikipiki niivalishe na yenyewe."

Ukapanda. Ulipofika kwenye kilima kifupi baada ya kituo ulisimama juu ya pedali, ukakanyaga kwa nguvu zako zote, na baiskeli ikapanda kama haina uzito. Nilikupigia makofi. Nilikuwa bado napiga makofi ulipovuka kilele, ukakanyaga mara moja zaidi, na nikasikia sauti kama mlango uliobamizwa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limevutwa upande, tairi likauma fremu, likakwama. Ulirushwa kwenye mtaro wenye mawe, mkono wa kulia ukiwa mbele.

Nilipokufikia uso wako ulikuwa na rangi ya majivu. Hukulia. Ulisema, "Angalia nyuma. Nini kimeachia?"

Niliangalia. Nati ya kulia ilikuwa imerudi mpaka mwisho wa meno ya ekseli. Nusu ya mstari wangu ilikuwa kwenye nati, nusu kwenye fremu, na kati yake hakuna kilichoshikana.

Tata alifika amekimbia, viatu mkononi. Aliuliza swali moja tu, "Nani alikaza?" Na kabla sijafungua mdomo, ukiwa umelala kwenye mawe na mkono umegeuka, wewe ukajibu.

"Kwamboka alikaza. Mstari wake huo hapo. Huyu hakosei. Ni mimi, Tata. Nati ya Suneka haikuoana na ekseli ya nyumbani."

Makori akasema taratibu, "Nilisema mimi. Vyuma vya babu." Hata hakuwa anacheka.

Nilinyamaza. Nilinyamaza hapo, nikanyamaza ulipofungwa mkono, nikanyamaza ulipopona ukiwa umebaki umepinda kidogo kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Siku uliyoipandisha baiskeli darini kando ya mabaki ya blakmamba, kwa mkono mmoja, mimi ndiye niliyeshika ngazi. Nilikuwa chini yako kabisa. Ulikuwa unahema. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Fundi wa Suneka alituma salamu mara mbili. Mara ya pili ulimwambia mjumbe, "Mwambie atafute mtu anayejua chuma kipi kinakaa na kipi." Kisha ukaenda Naivasha, na sasa unafungua na kufunga geti la shamba la maua. Ni kazi halali, sikuidharau hata siku moja. Lakini wewe ulikuwa unasikia kwa sikio gurudumu lenye gololi moja mbovu likipita barabarani, na sasa kazi yako ni kusikia honi.

Mimi nilisoma, nikapata ukarani katika ofisi moja hapa Kenyenya. Wenzangu wananiita Madam Mara Mbili. Nikifunga droo narudi kuivuta. Nikipokea fomu naisoma, naigeuza, naisoma tena, na sipigi muhuri mpaka mwenye fomu aanze kuhema. Mkubwa wangu alinisifu mbele ya watu, akasema karani mwangalifu namna hii ni nadra. Nilienda msalani nikakaa huko kwa muda. Huo si uangalifu. Kila muhuri ninaouinua, naiona ile chupa ndogo mkononi mwangu na jua likizama, na naogopa kuwa nimeandika tena kitu ambacho sikukifanya.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kuwa mnunuzi wa vyuma anapita Nyacheki, na dari inahitaji kupumua. Nikakupigia. Ulikuwa zamu, nilisikia lori likiunguruma. Ukasema, "Auze tu. Mimi na vyuma tulishaachana. Mkono wangu hauna baraka." Ulisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake. Hapo ndipo nilipoona nilichokufanyia. Mfupa ungekuwa kitu kidogo. Nilikufanya uamini kuwa hujui kitu ambacho unakijua kuliko watu wote ninaowafahamu.

Jumapili yake nikaenda nyumbani, nikapanda darini mwenyewe. Nati ile ulikuwa umeifunga kwenye fremu kwa waya isipotee. Sikujua hilo. Mstari wangu bado upo juu yake, umekuwa wa njano kama jino.

Niliipeleka baiskeli nzima kwa fundi wa hapa Kenyenya, mtu wa maneno mengi, anayetengeneza chochote chenye gurudumu. Nilimwambia aniangalie tu kama nati na ekseli vinaoana. Akasafisha, akaizungusha nati mpaka mwisho, akakaza, akaifungua, akayatazama meno yake kwenye mwanga.

"Dada, hii imeingia kama imezaliwa nayo. Ingekuwa haioani, haya meno yangekuwa yameliwa. Tazama, ni mazima. Hii haikuteleza."

"Basi ilikuwaje?"

"Haikukazwa. Nani alikaza?"

"Ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, kaka, na nililisema kwa mtu mgeni mwenye bisibisi sikioni. Alinitazama, kisha akapapasa kile kiti, zile springi, ule ukanda wa tyubu, vishikizo vya spoki. "Na huyu aliyeunganisha haya yote yuko wapi? Mwambie aje. Hapa nina kazi ya watu wawili."

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Alikuwa anachambua mboga, akaacha. Akasema, "Ungeniambia tu. Ningekupa ufunguo." Tata alitoka nje akaenda kuwaangalia ng'ombe aliokuwa amekwisha waangalia.

Majuma matatu nimeikarabati chumbani kwangu. Niliomba jani la mgomba kwa mwenye nyumba, akauliza napika nini, nikamwambia baiskeli. Nimebadilisha mipira ya breki na nyaya. Mengine yote ni yale yale uliyoyafunga wewe, na yanafanya kazi. Jumapili iliyopita niliirudisha Nyacheki. Niliikaza ile nati kwa spana, nikaikaza tena, nikashuka nayo hadi kituoni.

Makori sasa ana watoto wawili na tumbo. "Karani! Jinzi ya babu imefufuka?"

"Makori, siku ile kosa lilikuwa langu. Ombati alifunga vizuri. Mimi ndiye sikukaza, nikaandika kuwa nimekaza."

Aligeuka akatazama ule mtaro. "Miaka yote hiyo?" akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mwambie pikipiki yangu inalia nyuma na hakuna anayejua ni nini."

Nilisimama juu ya pedali kwenye kile kilima, mimi mwoga, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nilivuka kilele nikakanyaga mara moja zaidi, pale pale. Gurudumu lilibaki mahali ulipoliweka. Niliteremka hadi mtoni, sketi imejaa matope kwa sababu madigadi yako ni fupi mno, na utaisikia habari hiyo ukija.

Sikuandikii ili unisamehe haraka. Ukitaka kukaa na hasira, kaa nayo, ni haki yako. Ninachotaka ujue ni kwamba nati uliyoichagua ukiwa umepiga magoti Suneka ilikuwa nati sahihi. Mkono wako haukukosea. Ulimwambia Tata kuwa mimi sikosei, na kumbe uongo wote uliokuwepo siku ile ulikuwa mstari wangu mmoja mwembamba.

Baiskeli iko jikoni kwa mama, chini, si darini. Nati zote zina mistari mipya, isipokuwa ya nyuma kulia. Hiyo nimeikaza, na baiskeli nimeipanda, lakini nati hiyo sikuipiga mstari mpya. Spana namba kumi na tano iko juu ya kiti, na chupa ya wino iko kando yake. Usiniamini, kaka. Njoo uishike mwenyewe, kisha mstari upige wewe.

Nakuaga hapa, jua bado liko juu.

Dada yako mdogo,
Kwamboka